Kati ya Picha ya Kabla na Picha ya Baada: Somo kwa Kamati za Parokia na Wafadhili



Somo la robo hii linahusu jambo linaloonekana dogo lakini linaloumiza wengi, yaani mwili unaopungua ghafla na namna magazeti, televisheni na matangazo yanavyotuonyesha mwili huo. Tumelichagua kwa sababu linagusa kazi zetu tatu. Linagusa huduma ya wagonjwa majumbani, kwa kuwa wapo wanaoficha ugonjwa wakiogopa kuambiwa wamekonda. Linagusa elimu ya afya, kwa kuwa biashara ya dawa na majani ya kupunguza unene imefika hadi sokoni na kwenye milango ya makanisa. Tena linagusa ushirikiano wetu na wafadhili, kwa kuwa picha za watu waliokonda zimetumika kwa miaka mingi kuomba misaada.

Katika maeneo yetu salamu hubeba uzito wa mtu. Anayeambiwa "umenawiri" hufurahi. Anayeulizwa "mbona umepungua hivyo?" hurudi nyumbani akiwa na wasiwasi. Hapohapo televisheni inamwambia jirani yake kwamba kupungua ndiyo ushindi wenyewe. Ujumbe huu miwili inapingana, lakini yote hujengwa kwa njia moja: picha mbili, moja ya kabla na nyingine ya baada. Kilichotokea katikati hakionyeshwi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Somo letu linataka kujua kilichoundwa kati ya picha hizo mbili.

1. Picha ya mshindi

Mwaka 2004 televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kuonyesha shindano liitwalo The Biggest Loser. Watu wanene waliwekwa mahali pamoja, wakafanyishwa mazoezi makali na kula chakula kidogo, na kila wiki walipanda kwenye mizani mbele ya kamera. Mshindi mkuu alipata dola 250,000. Nchi nyingi ziliiga mtindo huo. Mwaka 2014 mshindi mmoja alishuka kutoka kilo 118 hivi hadi kilo 48 hivi, na watazamaji wengi walishtuka badala ya kushangilia.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani waliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la mwaka 2009, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Walipoanza, wastani wa uzito wao ulikuwa kilo 149. Baada ya wiki 30 ulikuwa kilo 91, yaani walipungua kilo 58. Hiyo ndiyo picha ya "baada" iliyorushwa hewani. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41 kwa wastani, na wanne kati yao walikuwa wazito kuliko siku walipoanza.

Je, walikuwa wavivu? Utafiti ulionyesha jambo jingine. Mwili uliopungua haraka hujitetea kama kaya inayoona ghala linakwisha: hupunguza matumizi. Miaka sita baada ya shindano, miili ya watu hawa ilitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umri na ukubwa wao. Kiasi hicho kinakaribia mlo mmoja. Homoni ya leptini, ambayo huuambia ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha, ilikuwa imeshuka karibu kwisha mwishoni mwa shindano, na baada ya miaka sita haikuwa imerudi kikamilifu. Kwa hiyo walikuwa na njaa zaidi huku miili yao ikitumia chakula kidogo zaidi. Kamera hazikuwepo kuonyesha hilo.

Habari ya Oprah Winfrey inafundisha hayohayo. Mwezi Novemba 1988 mtangazaji huyo maarufu aliingia jukwaani akivuta kigari chenye kilo 30 hivi za mafuta ya mnyama, kuonyesha uzito alioupunguza kwa kuishi kwa vinywaji maalumu bila chakula cha kawaida. Mamilioni walitazama na kushangilia. Uzito ulirudi, na yeye mwenyewe amelieleza hilo hadharani mara nyingi. Mwaka 2023 alisema kwamba sasa anatumia dawa, na kwamba kwa miaka mingi alijilaumu kwa jambo ambalo halikuwa suala la utashi peke yake.

Dawa zenyewe zina historia ndefu. Mwaka 1997 dawa ya fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Mwaka 2010 dawa ya sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata hivyo wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta sibutramini imefichwa ndani ya vidonge na majani yanayouzwa kama "dawa asilia za kupunguza tumbo". Mnunuzi huona neno "asilia" tu kwenye pakiti.

Miaka hii dawa inayotajwa sana ni semaglutidi, inayochomwa kwa sindano. Si uganga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha karibu watu 2,000, waliotumia dawa hiyo walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza. Maana yake ni kwamba unene uliokithiri ni hali ya muda mrefu kama shinikizo la damu, na hautibiwi kwa siku thelathini. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia imepita katika nchi zenye ukaguzi mkubwa hivyo, anayenunua sindano kwa mtu asiyemjua anahatarisha maisha yake.

Je, tuseme basi hakuna faida kupunguza uzito? Hapana. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliosaidiwa kubadili chakula na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, wakilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Hakuna televisheni itakayotoa tuzo kwa kilo sita, lakini kilo hizo zinaweza kuokoa miguu, macho na figo za mzazi.

2. Picha ya mgonjwa

Picha ya pili tunaifahamu zaidi katika eneo letu la Maziwa Makuu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za kupendeza zilizoingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, huko Rakai, uliitwa Slim, yaani wembamba, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo katika jarida la kitabibu la The Lancet. Hivyo kukonda kukawa jina la ugonjwa wenyewe.

Kwa miaka iliyofuata, magazeti, mabango na filamu za mafunzo zilionyesha mtu mmoja tu: aliyebaki mifupa, macho yameingia ndani, amelala mkekani. Nia ilikuwa kuonya. Lakini watu walijifunza kumtambua mwenye VVU kwa macho, na hilo haliwezekani. Mtu anaweza kuishi na virusi miaka mingi akiwa na mwili wa afya. Aliyenenepa akaonekana salama, na aliyekonda kwa kifua kikuu, kisukari, saratani, vidonda vya tumbo, msongo wa mawazo au njaa akahukumiwa.

Mwimbaji Philly Lutaaya wa Uganda alitumia picha hiyo kwa namna tofauti. Mwezi Aprili 1989 alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza na watu mpaka nguvu zilipomwishia, akafariki Desemba mwaka huohuo. Watu waliuona mwili wake ukipungua, lakini walimsikia pia mwenyewe akisema, wakamjua kwa jina, kazi na imani yake. Mgonjwa anayezungumza kwa kinywa chake habaki kuwa kitisho cha bangoni.

Mwishoni mwa mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za ARV bila malipo. Picha mpya zikaja: mgonjwa aliyekuwa kitandani, na baada ya miezi michache amesimama shambani. Hizi zilikuwa za kweli na zilileta matumaini makubwa. Lakini hata hapa kati ya picha mbili kulikuwa na mambo. Moja ya dawa zilizotumika sana miaka hiyo, stavudini, iliwafanya baadhi ya wagonjwa kupoteza mafuta ya mashavu, mikono na miguu. Mtu alikuwa anapona, lakini uso wake ulionekana umekonda, majirani wakanong'ona, na wapo walioiona dawa yenyewe kuwa ni alama ya aibu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane na dawa hiyo hatua kwa hatua. Dawa ya dolutegravia iliyokuja kuchukua nafasi kubwa katika matibabu huambatana na kuongezeka uzito kwa baadhi ya watumiaji, hasa wanawake.

Kwa hiyo leo mwenye VVU anaweza kuwa mnene, na asiye na VVU anaweza kuwa amekonda. Anayetumia dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Jicho halipimi damu. Hata hivyo mazoea ya jicho yamebaki, na madhara yake ni mawili. Wapo wenye kisukari au shinikizo la damu wanaokataa kupunguza uzito kama walivyoshauriwa, kwa kuogopa maneno. Na wapo waliopungua bila sababu wanaojificha ndani au kuvaa nguo tatu badala ya kwenda zahanati. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

3. Picha ya kuomba msaada

Sehemu hii tunawaelekeza zaidi wafadhili wetu, ingawa kamati nazo zinahusika. Tarehe 23 Oktoba 1984 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha taarifa ya njaa kutoka Korem, Ethiopia. Ulimwengu ulishtuka, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia kuchangisha fedha. Watu wengi walipata chakula kutokana na mwamko huo, na hilo ni jema.

Lakini picha za watoto waliokonda hazikuonyesha vita vilivyokuwa vikiendelea nchini humo, wala siasa zilizozuia chakula kufika. Mtazamaji alibaki akidhani kwamba mvua tu ndiyo iliyokosekana, na kwamba Mwafrika ni mtu wa kungoja kulishwa. Kutokana na malalamiko hayo, mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya yalikubaliana kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, na mwaka 2006 yakaziandika upya kupitia umoja wao wa CONCORD. Kiini chake ni heshima kwa utu wa anayepigwa picha, ukweli kuhusu hali nzima, na ridhaa ya mhusika.

Chukueni mfano wa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Siku hizi anaweza kutibiwa nyumbani kwa chakula dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa, sukari, mafuta na virutubisho, njia ambayo mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliiunga mkono rasmi mwaka 2007. Baada ya wiki kadhaa mashavu yanarudi, na picha ya "baada" inapendeza kweli. Je, katikati kulikuwa na nini? Kulikuwa na mama aliyetembea kliniki kila wiki akiacha shamba, na mhudumu wa afya aliyempima na kumrekodi. Tena bado kuna nyumba ileile, pengine bila chakula cha kutosha, bila maji safi, na bila mbegu za msimu ujao. Mtoto akirudi katika hali hiyohiyo anaweza kukonda tena, kama walivyonenepa tena washindani wa televisheni. Mfadhili anayelipia picha mbili tu amelipia wiki chache, lakini anayelipia kisima, bustani ya mboga na posho ya mhudumu anamsaidia mtoto huyo abaki na afya.

4. Tunachojifunza katika Maandiko

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, nabii alitumwa nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme. Alipomwona mkubwa wa watoto, mrefu na wa kupendeza, alidhani ndiye. Mungu akamwonya asitazame umbo, kwa kuwa Yeye hutazama moyo. Kama nabii alikaribia kukosea kwa kutumia macho, sisi nasi tuwe waangalifu.

Kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, kina jaribio la siku kumi. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji, na mwishoni walionekana na afya na wanene kuliko waliokula chakula cha mfalme. Watu wa wakati ule waliuona unene kuwa dalili ya afya, na matangazo ya leo yanauona wembamba vivyo hivyo. Vipimo vya macho hubadilika kwa zama na mahali. Danieli hakuwa akitafuta umbo. Alitaka kubaki mwaminifu, na mwili wake ukatunzwa humohumo katika uaminifu.

5. Mambo ya kufanya

Tunapendekeza kamati za parokia na Jumuiya Ndogo Ndogo zianze na haya:

Kwanza, tubadili maneno yetu. Badala ya kumwambia mtu "umekonda" mbele za watu, tumtembelee na kumuuliza faraghani, "Habari za afya? Tunaweza kukusaidiaje?"

Pili, tujue dalili za kwenda zahanati bila kuchelewa. Mtu mzima aliyepungua bila kukusudia asilimia 5 au zaidi ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 anapaswa kupimwa. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kilo 3. Akiwa pia na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au jasho la usiku, apimwe kifua kikuu. Matibabu yake ni bure nchini kwetu na ugonjwa unapona. Akiwa na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari.

Tatu, watoto wa miezi 6 hadi 59 wapimwe kwa utepe wa rangi tatu unaozungushwa juu ya mkono. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kati ya 115 na 125 ni njano, naye afuatiliwe na wahudumu wa afya. Mzazi asikemewe.

Nne, matangazo ya vidonge, majani na sindano za kupunguza unene yasisomwe baada ya Misa wala kubandikwa kwenye ubao wa parokia. Anayetaka kupunguza uzito ashauriane na mtaalamu wa afya. Vikundi vya kutembea pamoja jioni havihitaji fedha, na Wawata au vijana wanaweza kuvianzisha wiki hii.

Tano, kila picha ya mgonjwa au mtoto ipigwe kwa ridhaa yake au ya mzazi, baada ya kuelezwa itatumika wapi. Kukataa kupigwa picha kusimpunguzie mtu huduma hata kidogo.

Sita, tunawaomba wafadhili watuulize maswali magumu. Msiulize tu "wangapi wamenenepa?" Ulizeni pia "wangapi bado wana afya baada ya mwaka, na ni nini kiliwasaidia?" Swali hilo litatulazimisha kuweka kumbukumbu nzuri zaidi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni maneno gani tunayotumia hapa kwetu kwa mtu aliyepungua mwili? Yanamsaidia au yanamfukuza?
2. Je, yupo mtu katika jumuiya yetu aliyeacha kuja kusali tangu mwili wake ulipobadilika? Nani atakwenda kumwona, na lini?
3. Ni matangazo gani ya kupunguza unene yamefika kijijini au mtaani kwetu? Yanaficha nini kati ya "kabla" na "baada"?
4. Tukitaka kumwonyesha mfadhili kazi yetu bila picha ya mtu aliyekonda, tungemwonyesha nini?

Tunaziomba kamati zijadili swali la pili kabla ya mengine, na kuliandika jina la atakayekwenda katika daftari la kikao. Tuzidi kuombeana.